Uyoga kwenye nyasi za uani: chimba kwanza, dawa iache dukani

Mvua za Machi zikishika hapa Entebbe, naamka nakuta nyasi zangu zimejaa uyoga. Mwaka wa kwanza nilipiga dawa ya ukungu, ileile ya nyanya. Siku ya tatu uyoga ukanyauka, nikajisifu. Mvua iliyofuata ukarudi. Kumbe ungenyauka hata bila dawa, maana uyoga mwingi haumalizi wiki. Huu tunaouona ni tunda tu. Mwenyewe yuko chini, nyuzi nyeupe nyembamba zinazokula mbao, mizizi na samadi vinavyooza.

Hatua ya 1. Ung'oe asubuhi kabla kofia haijafunguka na kumwaga vumbi lake la uzazi. Vaa kaveera (mfuko wa plastiki) mkononi. Hutaumaliza hivyo, ila watoto na mbwa watakuwa salama.

Hatua ya 2. Tazama umeota vipi. Ukirundikana mahali pamoja, shuku mbao au kisiki. Ukitawanyika, mara nyingi ni samadi au nyasi zilizokatwa zikaachwa. Ukijipanga duara, nyuzi zile za chini zilianzia katikati na zinasonga nje mwaka hadi mwaka. Nyasi za ukingoni huwa kijani zaidi kwa sababu zinapata naitrojeni ya vitu vinavyooza.

Hatua ya 3. Chimba. Kwangu ulikuwa unatoka karibu na tangi la maji. Nilipofukua kama shubiri moja na nusu, jembe uma likazama kwenye kitu laini: mbao za kufungia zege, fundi alizifukia ili asihangaike kuzibeba. Ukizibonyeza zinabonyea kama mkate uliolowa, nyuzi nyeupe zimezifuma kote. Nikatoa karai tatu, nikajaza udongo mpya. Kona ile imetulia mpaka leo.

Hatua ya 4. Punguza unyevu. Toboa ardhi kwa jembe uma, punguza matawi yanayotia kivuli, na kama unamwagilia, iwe asubuhi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kato, Mukono: Mwalimu, nikimwaga chumvi je?
Jibu: Mama, nyasi zitatangulia kufa, na wewe utabaki na uyoga kwenye udongo mtupu.

Kijana wa Jinja: Shikamoo mzee. Wa kwangu ni mweupe, unafanana na ule wa sokoni. Tupike?
Jibu: Marahaba. Usipike! (Wa ukoo wa Butiko, yaani ukoo wa Uyoga hapa Buganda, wamepona, kwao kuula ni mwiko.) Obubaala tunaoupenda ni vijiuyoga vidogo vinavyoota kwa mamia penye mchwa. Kwenye nyasi za nyumbani kuna mwingine, mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Ukiwa mchanga, mikunjo ya chini ni myeupe na unamdanganya hata mzoefu. Ukikomaa inageuka kijani cha kijivu. Huo hutapisha na kuharisha vibaya. Ukilaza kofia yake juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi la kijani. Lakini vumbi lisipokuwa kijani, bado si ruhusa ya kula.
Na mtoto akila, mkimbize hospitali pamoja na uyoga uliobaki, umefungwa kwenye karatasi. Usingoje atapike: kuna uyoga unaoua ambao dalili zake huchelewa saa 6 au zaidi, na ini linakuwa limeshaanza kuumia.

Nnyabo wa Kira: Ssebo, chini kuna kisiki cha mfenesi, kikubwa mno. Nikichome?
Jibu: Moto utaharibu nyasi na mizizi ya chini itabaki. Kikate chini ya usawa wa ardhi, kitoboe matundu, tia yurea kidogo na udongo juu kioze haraka. Hata hivyo ni kazi ya miaka, na uyoga utaendelea kutoka mpaka kiishe. Mimi cha mwembe wangu nilishindwa, nikakiwekea chungu cha maua juu.