SOMO: Je, otomata yako inakubali walau mfuatano mmoja?

Swali hili linarudi kila mara, basi nalijibu hapa na tusirudie. Otomata ni mashine ya kinadharia yenye hali kadhaa: huanza hali ya mwanzo, husoma mfuatano herufi kwa herufi, na kila herufi huipeleka kwa mshale hadi hali nyingine au ile ile. Ikimaliza kwenye hali ya kukubali, mfuatano umekubaliwa. Isipokubali hata mmoja, tunaiita tupu.

Usianze kujaribu mifuatano mmoja mmoja. Kwa hali 20 na herufi mbili, ile ya urefu 0 hadi 19 ni 1,048,575. Tembea kwenye hali zenyewe.

1. Tia alama hali ya mwanzo. Kama nayo ni ya kukubali, umemaliza: inakubali mfuatano mtupu.

2. Fuata mishale yote ya kila hali yenye alama, tia alama inakofika.

3. Rudia mpaka alama mpya zikome.

Hapa ndipo kazi huharibika. Watu hushuka jedwali la hali, q0 hadi q4 kwa mfano, mara moja tu. Tuseme q0 inaenda q4, q4 inaenda q1, q1 inaenda q2, na q2 ndiyo ya kukubali. Ukishuka, q0 inaipa alama q4. Q1, q2 na q3 unaziruka kwa kuwa bado hazina. Q4 inaipa alama q1, jedwali limekwisha. Unaandika "tupu", kumbe herufi tatu tu zinafika. Tumia foleni: hali inayopata alama mara ya kwanza iingie nyuma, uhudumie ya mbele mpaka foleni iishe. Yenye alama tayari isiingie tena, la sivyo programu itazunguka bila kukoma.

4. Hali ya kukubali ikipata alama, si tupu. Isipopata hata moja, tupu.

Swali: Mkuu, yangu ina hali mbili za kukubali, kwa hiyo si tupu?

Jibu: Soma hatua ya 4. Kuchorwa si kufikiwa.

Swali: Lakini kuna mishale inaingia!

Jibu: Inatoka wapi? Hali zisizofikika nazo huelekezana mishale.

Swali: Naweza kuupata mfuatano wenyewe?

Jibu: Ndiyo, na ni rahisi. Kila alama iandikie imetoka hali gani, kwa herufi gani. Ukifika, rudi nyuma hadi mwanzo, kisha geuza herufi. Foleni inakupa mfupi kuliko yote. Kwa hali n hauzidi n−1, maana njia fupi hairudii hali. Kukiwa na mishale isiyosoma herufi, utapata mishale michache, si lazima herufi chache.

Mchango: Mimi hulinganishia otomata mbili: naziendesha sambamba kwa jozi za hali, jozi ya kukubali ni ile ambayo moja inakubali na nyingine inakataa. Ikitoka tupu, lugha (mifuatano yote inayokubaliwa) ni moja.

Jibu: Safi, mradi zote ni bainifu, yaani kila hali haina zaidi ya mshale mmoja kwa herufi moja, wala mshale usiosoma herufi. Hali ikikosa mshale wa herufi fulani, iongezee kwanza hali ya mtego: isiyokubali, ambayo mishale yake yote hujirudia yenyewe.