Mtutu Mwembamba au Mnene kwa Bunduki ya Kazi Zote

Mtu akinijia nimsaidie kuchagua mtutu, simwulizi anaupenda upi. Namwuliza mambo mawili: kwa kawaida utafyatua risasi ngapi ndani ya dakika kumi, na utaibeba bunduki saa ngapi kabla ya kufyatua ya kwanza? Bunduki ya kazi zote hubebwa sana na kufyatuliwa kidogo. Ndiyo maana kwa bunduki hiyo nasimama upande wa mtutu mwembamba, au wa wastani kwa mwenye shaka.

Tuanze na hesabu, maana dukani mnene husifiwa kwa maneno matupu. Chukua mitutu miwili ya chuma yenye urefu wa sentimita 60 na tundu la milimita 7.62. Mmoja una kipenyo cha nje cha milimita 16, mwingine milimita 20. (Mitutu halisi hunenepa kuelekea chemba, yaani sehemu ya nyuma ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa; hapa nimeinyoosha ili hesabu iwe rahisi.) Wa kwanza utakuwa na gramu 730 hivi, wa pili gramu 1,270 hivi. Zaidi ya nusu kilo, na sehemu kubwa yake iko mbele ya mkono wako wa kushikia. Kwa uzito huo unanunua ugumu: mtutu wa milimita 20 ni mgumu kupinda mara mbili na nusu kuliko ule wa 16. Faida hiyo ni ya kweli, wala siipuuzi.

Ila mtutu haukosi shabaha kwa sababu ni mwembamba. Kila mtutu hutikisika risasi inapopita. Ukitikisika kwa namna ileile kila mara, matundu kwenye karatasi hukaa pamoja. Matatizo huanza na joto. Chuma kikipata moto hutanuka, na mtutu uliobaki na mkazo ndani tangu kiwandani hautanuki sawa pande zote. Unapinda kidogo, na risasi zinahama. Mwembamba una chuma kidogo cha kupokea joto hilo, kwa hiyo hupata moto mapema. Mnene huchelewa kupata moto, na pia huchelewa kupoa, jambo ambalo wengi hawalisemi.

Basi pima joto, usibishane nalo. Nenda uwanja wa shabaha wenye kuruhusiwa, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, umbali wa mita 100. Fyatua risasi moja mtutu ukiwa baridi. Fungua bolti (kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma), acha mtutu upoe kabisa, fyatua ya pili, kisha ya tatu kwa utaratibu huohuo. Kwenye karatasi nyingine, ukilenga vilevile, fyatua tano mfululizo bila kupumzika. Andika namba kando ya kila tundu. Matundu matatu ya mtutu baridi yakikaa ndani ya sentimita 5, na katikati yake pakawa pale ulipolenga, mtutu huo unatosha kwa kazi zote, hata kama ile karatasi ya pili haipendezi. Mnyama hasubiri risasi ya tano.

Zile tano zikitembea kuelekea upande mmoja, usikimbilie kulaumu wembamba. Hakikisha chemba haina risasi, kisha pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na ubao, yaani mbao inayoubeba mtutu hadi begani, kutoka mbele hadi karibu na chemba. Kikikwama, ubao unausukuma mtutu unapotanuka, na dawa yake ni kukwangua ubao. Mara nyingi bunduki iliyohukumiwa kwa mtutu wake nimekuta kosa liko kwenye mbao.

Mahali unene ulipo pia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bunduki ya M16A2 ya Marekani, ya miaka ya 1980, iliongezewa unene mbele, sehemu inayoonekana, huku chini ya kishikio cha mbele ikibaki nyembamba. Uzito ukaenda mdomoni mwa mtutu, nao ukali wa joto uko nyuma, upande wa chemba. Mimi nikipewa gramu 200 za kuongeza, naziweka zote nyuma.

Na kabla ya kunenepesha, fikiria kufupisha. Kutoka sentimita 66 hadi 56, kwa kipenyo kilekile, ugumu hupanda mara 1.6 na uzito unapungua. Kwa risasi ya .308 Winchester utapoteza mita 25 hadi 30 hivi kwa sekunde, na mlipuko utakuwa mkali zaidi masikioni. Sheria nyingi huweka kikomo cha ufupi, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

Mnene nauchagua bila kusita kwa mtu wa mashindano, au anayelala chini na kufyatua mfululizo. Pia kwa anayetumia risasi kubwa: bunduki ya kilo 3 hupiga bega kwa nishati inayozidi ya kilo 4 kwa theluthi moja. Anayelenga akiwa amesimama naye husaidiwa na uzito kidogo mbele, kwani mdomo hautangatangi.

Bado unasita? Hakikisha bunduki ni tupu, funga kifuko cha mchanga cha nusu kilo mbele ya ubao, na uibebe nusu siku katika njia unazopita kwa kawaida. Kisha iinue begani mara kadhaa ukiwa umechoka.

Kuhusu mitutu yenye mifereji kwa nje: ni migumu kuliko mtutu usio na mifereji wa uzito huohuo, lakini si migumu kuliko wa kipenyo hichohicho ambao haujachongwa. Muuzaji akikuambia vingine, mwombe uzito wa mtutu peke yake kwa gramu na kipenyo chake mdomoni, uvipime mwenyewe kabla ya kulipa.