Mafuta ya jojoba: yapime kwanza, kisha upake

Wateja ninaowasuka hapa Chake Chake huniletea chupa za jojoba walizoletewa na jamaa kutoka Uarabuni, wakataka kujua wayafanye nini. Kwanza, yasiingie jikoni. Ingawa tunayaita mafuta, hasa ni nta iliyo majimaji. Tumbo haliisagi, na atakayeikaangia samaki atashinda chooni.

Kabla ya kuyatumia yapime. Mimina kijiko kimoja ndani ya kikombe, weka kwenye friji usiku kucha, si kule kwenye barafu. Jojoba huganda joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo asubuhi utayakuta yameshikana, na ukiyaacha mezani yatayeyuka yenyewe. Yakibaki mepesi vilevile, umeuziwa mafuta ya kupikia. Na yakiganda kabatini siku za kipupwe, humo mna nazi, maana nazi huanza kuganda kwenye nyuzi 24 tu. Rangi isikutie shaka: ya dhahabu hayajasafishwa, meupe kama maji yamesafishwa.

Kwa kichwa kilichosukwa, matone manne au matano yanatosha. Sugua viganja, pitisha ncha za vidole kwenye njia za msuko, malizia ncha za nywele. Ukizidisha, mtandio utalowa na utanilaumu mie. Mwenye mba apake usiku, aoshe asubuhi. Magamba yatalainika, lakini mba haiponi kwa hayo.

Magaga nayo yanataka maji kwanza. Roweka miguu, sugua visigino kwa jiwe, futa kidogo, kisha paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Kazi ya jojoba ni kuyazuia maji yasitoke, basi ukipaka kisigino kikavu utazuia nini?

Wengine huulizia mbegu wapande. Ya nini? Huo ni mti wa jangwa la Sonora, huko Marekani na Mexico. Mizizi ikikaa kwenye maji inaoza, na masika yetu mnayajua. Tena kuna mti dume na mti jike, na jike ndio unaozaa, baada ya miaka kadhaa.

Kwa kuwa ni ghali, mimi huchanganya kijiko kimoja cha jojoba na vitatu vya nazi. Anayetaka harufu atie mafuta ya karafuu, kama yale ya kiwanda cha makonyo cha Wawi, tone moja kwa vijiko viwili vya chakula. Moja tu! Karafuu inaunguza ngozi, wala mchanganyiko huo usipakwe usoni au kwa mtoto mchanga. Asumini, iache inyauke kabla ya kuitia, maji ya ua bichi huleta ukungu. Jojoba peke yake hukaa miaka bila kuharibika, ila ukishaichanganya itadumu kadiri nazi yako itakavyodumu, hivyo changanya kidogo kidogo, kwenye chupa kavu.