Somo: Maandishi Yalizaliwa Ghalani (jifunze kwa donge la udongo)

Wengi wetu tulifundishwa Mesopotamia, nchi ya kale ya mito ya Tigri na Frati, kwa orodha ya wafalme, tukaisahau mara tu mtihani ulipokwisha. Napendekeza tuanze na udongo mkononi, kwa kuwa mji wa Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, ulishakuwa na mahekalu, maghala na makarani kabla ya mfalme yeyote tunayemjua kwa hakika.

Hatua ya 1: Lielewe shamba. Mvua ya kusini mwa nchi ile haitoshi kukuza nafaka. Tena mito ya Tigri na Frati ilifurika mnamo Aprili na Mei, shayiri ikiwa karibu kuvunwa, tofauti na Nile ambayo mafuriko yake yalikuja baada ya mavuno; kwa hiyo mkulima alilazimika kuyazuia maji yasimharibie mazao, na baadaye kuyavuta kwa mifereji wakati wa kupanda, kazi isiyowezekana bila watu wengi kushirikiana. Shayiri iliyozidi mahitaji ya walimaji iliingia katika maghala ya hekalu, na hapo ndipo swali la nani ameleta nini lilipoanza.

Hatua ya 2: Finyanga vihesabio. Kanda udongo wa mfinyanzi mpaka uache kunata vidoleni, kisha tengeneza koni ndogo tano na vitufe viwili. Tuseme koni ni kipimo kidogo cha nafaka na kitufe ni kipimo kikubwa. Vianike vikauke.

Hatua ya 3: Vifungie. Tengeneza donge lenye uwazi ndani, litie vihesabio, lizibe, kisha ulipitishie muhuri juu yake (kipande cha kijiti ulichokichonga kitatosha). Sasa hakuna awezaye kupunguza hesabu bila kuvunja donge, lakini hata wewe mwenyewe huwezi kuihakiki bila kulivunja.

Hatua ya 4: Rudia, safari hii ukikandamiza kila kihesabio juu ya donge bichi kabla ya kukitia ndani. Litazame vizuri. Alama za nje zimeshasema yote, na vilivyomo ndani havina kazi tena. Libonyeze donge liwe bapa, nawe una kibao.

Hatua ya 5: Chonga tete, uchore. Vibao vya kwanza vya Uruk, vya kati ya mwaka 3400 na 3100 KK hivi, vingi ni hesabu za nafaka, bia, mifugo na wafanyakazi. Chora kichwa cha mtu, na mdomoni pake bakuli: alama hiyo ilihusu kula na posho.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Donge langu limepasuka kabla hata ya kukauka.*
Marahaba. Bila shaka ulilianika juani. Likaushe kivulini, na unene wake uwe sawa pande zote.

*Je, ni hakika kwamba njia ilikuwa hii?*
Ni hoja ya mwanaakiolojia Denise Schmandt-Besserat, nami naiona ina nguvu, ila wapinzani wake wanasema kweli kwamba madonge mengi hayana alama za hesabu nje. Hatua zangu zimenyooka kuliko historia yenyewe.

*Misri haikutangulia?*
Katika kaburi liitwalo U-j huko Abydos, Misri, vilipatikana vijibao vya mfupa na pembe za ndovu vyenye alama, vya karibu mwaka 3200 KK. Umri unakaribiana mno, nami sioni sababu ya kumpa mmoja ushindi.

*Hesabu ya ghala iligeukaje kuwa lugha?*
Kwa kuazima sauti. Kwa Kisumeri, lugha ya kale ya kusini mwa Mesopotamia, tete ni «gi», na neno la kurudisha lilisikika vilevile, hivyo karani aliyetaka kuandika kwamba mali imerudishwa alichora tete. Jaribu kwa Kiswahili: mchore kaa wa pwani, kisha msome kama unavyomwambia mgeni aliyesimama mlangoni.