Kabla hujaanza hesabu za aljebra na takwimu

Hesabu nyingi za nyumbani huharibika kabla hata hazijaanza kukokotolewa. Nimekaa jioni na watoto wengi wa kidato cha kwanza na cha pili, na ninachokuta kila mara ni swali lililonakiliwa vibaya: alama ya kutoa imegeuka ya kujumlisha, au mabano yamebaki ubaoni. Ukimaliza kunakili, weka kidole kwenye swali la kitabuni ulilinganishe na lako, alama kwa alama.

Rula, penseli, kifutio na karatasi ya kujaribia viwe mezani. Kikokotoo kikae mbali kwanza. Juu ya ukurasa andika MAGAZIJUTO, hata kama unaikumbuka usingizini: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

Kwenye aljebra, chunguza alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Chukua 5 − 2(x − 3) = 1. Mwenye haraka hutoa 2 kwenye 5 akabaki na 3(x − 3), ilhali ile 2 ni mali ya mabano. Mwingine huandika −2 mara −3 ni −6, akapata x = −1. Ni +6, kwa hiyo 11 − 2x = 1, na x ni 5. Acha mstari mmoja mtupu chini ya kila swali kwa ajili ya kurudishia jibu: 5 − 2(5 − 3) ni 5 − 4, yaani 1. Ukirudisha −1 unapata 13, na kosa umelikamata mwenyewe.

Kwenye takwimu, panga data kabla ya kutafuta namba ya katikati. Katika 7, 3, 9, 4, 12 jicho huchukua 9, lakini ukizipanga ni 7. Wastani nao ukadirie mapema, maana hauwezi kuizidi namba kubwa kuliko zote. Tuseme wanafunzi 3 wamepata alama 4, 8 wamepata 5, 6 wamepata 6, na 3 wamepata 7. Jumla ni 109. Gawanya kwa wanafunzi 20, upate 5.45. Anayegawanya kwa 4 kwa kuwa jedwali lina mistari minne anapata 27.25, na darasani hakuna aliyevuka 7!

Ukikwama, tafadhali usifute. Zungushia duara hatua iliyokushinda, mwalimu aione kesho.