Kabla ya kujiunga na klabu ya nyuzi za kufumia

Mfumaji anayeishi Uingereza au Marekani, ambako zimeenea klabu zinazomtumia mwanachama kifurushi cha nyuzi kila mwezi kwa ada, afikirie kwanza anapenda kufuma nini kabla hajalipa ada. Mara nyingi kifurushi huwa na shada moja (fungu la uzi) la gramu 100 la sufu nyembamba, lenye urefu wa takriban mita 400, na kiasi hicho kinatosha jozi ya soksi za mtu mzima au skafu nyepesi, lakini sweta ya mtu mzima huhitaji mashada kadhaa ya rangi moja.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa uzi wa klabu hizi mara nyingi hutiwa rangi kwa mkono, na rangi hiyo hairudiwi sawasawa, hata jina la rangi likiwa lile lile. Nilifuma mgongo wa sweta ya mtoto kwa shada la Machi na kifua kwa shada la Juni, na nilipoiweka dirishani, mshono wa ubavuni ulitenganisha samawati mbili. Tangu hapo hufuma safu mbili kwa shada moja na mbili kwa jingine, nikibadilishana tangu mwanzo, na tofauti humezwa.

Kwa hiyo uliza mapema kama unaweza kuagiza mashada ya ziada yaliyotiwa rangi katika chungu kimoja, na kama unaruhusiwa kusitisha ada kwa mwezi mmoja. Klabu ikiwa nchi nyingine, hesabu pia ushuru wa forodha.