Kabla ya Kuhesabu Nukuu za Mkemia: Mambo ya Kuzingatia

Kila msimu wa kupandishwa vyeo unapokaribia, wahadhiri wa kemia huanza kupita maktaba ya chuo wakiuliza jambo moja: "Nimenukuliwa mara ngapi?" Nukuu hapa ni kila mara makala yako inapotajwa kama chanzo katika andiko jingine. Swali linaonekana jepesi, na kompyuta hulijibu kwa nusu dakika. Lakini jawabu hilo la nusu dakika ndilo linaloleta aibu mbele ya kamati, kwa sababu idadi ya nukuu haiwezi kuwa safi kuliko orodha ya makala iliyo chini yake. Maelezo haya yanamlenga mkemia anayeandaa jalada lake, pamoja na mkutubi au mkuu wa idara anayemsaidia, na yanahusu kazi ya kufanywa kabla tarakimu yoyote haijaandikwa kwenye fomu.

Jambo la kwanza ni kujua anayeuliza anataka kujua nini. Kamati ya vyeo, mfadhili wa utafiti na mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa shahada ya uzamivu wote husema "athari", ila kila mmoja ana lake moyoni. Vipo vyuo vinavyotoa pointi kwa kila makala na kuzigawa kulingana na idadi ya waandishi. Huko nukuu elfu moja hazikuongezei kitu kama mwongozo hauzitaji. Vipo vinavyotaka idadi ya nukuu, na vipo vinavyotaka maelezo ya maandishi kuhusu mchango wa mtu katika taaluma. Soma mwongozo wa mwaka huu, si ule uliotumiwa na mwenzako alipopanda miaka mitano iliyopita.

Baada ya hapo linakuja suala la jina, nalo hula muda mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mifumo ya kuhesabu nukuu ilibuniwa na watu ambao jina lao la mwisho ni jina la ukoo lisilobadilika, ilhali kwetu jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na mtu anaweza kutumia mawili leo na yote matatu kesho bila kuona tatizo. Tuseme mkemia anaitwa Asha Juma Hamisi. Katika makala moja ataonekana kama Hamisi A.J., katika nyingine Juma A., katika ya tatu mhariri ataligeuza jina lake awe Asha H., na akiolewa akaanza kutumia jina la mume, mfumo utamhesabu kuwa mtu wa nne. Kinyume chake pia hutokea. Atakayejiandikisha kama Mohamed A. atajikuta katika umati wa watu wenye jina hilohilo kuanzia Zanzibar hadi Kairo. Niliwahi kumsaidia mhadhiri ambaye wasifu wake wa mtandaoni ulikuwa umebeba makala kadhaa za daktari wa mifupa wa nchi nyingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kuufungua ukurasa ule zaidi ya kutazama jumla iliyoandikwa juu. Tulipoziondoa makala za daktari, jumla ilishuka na mwenye jalada hakufurahi. Hata hivyo afadhali kushuka ukiwa maktaba kuliko kushushwa ukiwa mbele ya jopo.

Dawa yake ni kuchagua umbo moja la jina na kulishikilia, na kujiandikisha ORCID, utambulisho wa tarakimu kumi na sita ulioanza kutolewa mwaka 2012 bila malipo. Namba hiyo haibadiliki mtu anapoolewa, anapohama chuo au mhariri anapokosea mpangilio wa majina. Hata hivyo haijijazi yenyewe ipasavyo, kwa hiyo keti nayo na uhakikishe kila makala imo, ikiwemo ile ya zamani iliyotokana na tasnifu yako.

Kisha amua utahesabu kutoka chanzo kipi. Wazo la kufuatilia nani amemnukuu nani lililetwa na Eugene Garfield, ambaye shahada yake ya kwanza ilikuwa ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Alilieleza katika jarida la Science mwaka 1955, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kutoa fahirisi ya nukuu za sayansi, ambayo ndiyo mzizi wa Web of Science ya leo. Mwaka 2004 zikaja Scopus na Google Scholar. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuingiza, na chuo hulipia ili kuzisoma. Google Scholar ni ya bure na hukusanya karibu kila kitu, zikiwemo tasnifu, ripoti na maandiko ya semina. Kwa sababu hiyo mtu yuleyule, siku ileile, huwa na idadi tatu tofauti, na ya Google Scholar kwa kawaida ndiyo kubwa. Hakuna kosa katika kutumia yoyote kati ya hizo. Kosa ni kuchanganya: kuchukua jumla ya nukuu kutoka moja na fahirisi ya h, tutakayoieleza hapa chini, kutoka nyingine bila kusema.

Mkemia wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kulitazama jambo hili kwa makini. Majarida kama Tanzania Journal of Science yanasomeka kupitia African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, lakini si kila jarida lililomo humo limeingizwa katika hifadhidata kubwa za kulipia. Mtu aliyetumia miaka akitenga kampaundi kutoka magome na mizizi ya mimea ya jenasi ya Uvaria, na kuchapisha nyumbani ili wenzake wa NAPRECA, mtandao wa watafiti wa kemia ya mimea na viumbe wa Afrika Mashariki na Kati uliopo tangu mwaka 1984, wasome, anaweza kuonekana katika Scopus kana kwamba hakufanya kazi hiyo. Pale ambapo mwongozo unaruhusu, weka idadi mbili kutoka vyanzo viwili, kila moja na jina la chanzo chake, na ueleze kwa sentensi moja kwa nini zinatofautiana.

Sasa tuje kwenye fahirisi ya h, ambayo wengi huitaja na wachache huikagua. Mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliipendekeza mwaka 2005, na ni rahisi kiasi kwamba ninashauri kila mtu aihesabu kwa mkono angalau mara moja. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka moja moja. Namba ya mwisho ya mstari ambayo haijazidi idadi ya nukuu za makala iliyo kwenye mstari huo ndiyo h yako. Tuseme una makala kumi zilizonukuliwa mara 48, 33, 20, 11, 9, 6, 6, 4, 1 na 0. Ya sita ina nukuu 6; ya saba nayo ina 6, ambazo hazifiki 7. Basi h ni 6. Sasa tazama: kama ile ya kwanza ingenukuliwa mara 4,800 badala ya 48, h ingebaki 6 ileile. Fahirisi hii humpa haki mchapa kazi wa wastani asiyechoka, na humnyima aliyegundua jambo moja kubwa. Tena haishuki kamwe hata mtu akiacha utafiti, hivyo mwenye umri mkubwa ana faida. Hirsch mwenyewe alipendekeza igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza, na alitahadharisha kwamba taaluma tofauti zisilinganishwe kijuujuu.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini orodha isafishwe kabla ya kuhesabu. Wakemia wana mtego wao maalumu: jarida la Angewandte Chemie, ambalo tangu mwaka 1962 limekuwa na toleo la kimataifa la Kiingereza kando ya lile la Kijerumani, makala ileile kwa miaka mingi ikiwa na namba tofauti za kurasa katika matoleo hayo mawili. Wengine hunukuu toleo hili, wengine lile, na mfumo unaweza kuzihesabu kuwa makala mbili. Chukua makala zetu mbili za juu na uzigawanye hivyo: 48 iwe 24 na 24, na 33 iwe 17 na 16. Panga upya, na utakuta makala ya saba sasa ina nukuu 9. Fahirisi imepanda kutoka 6 hadi 7 bila mtu yeyote duniani kuongeza nukuu hata moja. Katika orodha nyingine mgawanyo kama huo ungeishusha. Yale yanayosemwa hapa yanahusu pia makala iliyowekwa kwanza mtandaoni kama rasimu na baadaye ikachapishwa jaridani, pamoja na masahihisho yaliyochapishwa yakapewa rekodi yake. Unganisha rekodi hizo, na makala iliyofutwa na jarida iondoe au iandike wazi kwamba ilifutwa. Nukuu za kujinukuu mwenyewe hazina haja ya kufichwa, kwa kuwa anayeendeleza kazi yake hana budi kuitaja. Zihesabu kando na uziweke wazi, maana mjumbe wa kamati anaweza kuziondoa kwa kubofya mara moja.

Kabla hujatamba na jarida ulilochapisha, elewa kipimo cha athari cha jarida kinasema nini. Huchukuliwa nukuu za mwaka mmoja zilizoelekezwa kwa yaliyochapishwa na jarida katika miaka miwili iliyotangulia, zikagawanywa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Ni wastani wa jarida, haimhusu mwandishi. Kisa kinachofundisha zaidi ninachokijua kinatoka kwa wakemia wa fuwele. Mwaka 2008 George Sheldrick wa Göttingen, Ujerumani, alichapisha katika jarida la Acta Crystallographica Section A historia fupi ya programu zake za SHELX, zinazotumiwa kila mahali kubaini muundo wa molekuli kutokana na miale ya eksirei, na akaeleza kwamba makala hiyo inaweza kunukuliwa na yeyote anayezitumia. Watu wakaitikia. Kipimo cha jarida, kilichokuwa karibu 2, kikaruka hadi 49.9 mwaka 2009, na miaka ile miwili ilipopita kikarudi karibu na 2. Waandishi wengine wote waliochapisha humo wakati huo wangeweza kudai kwamba wamo katika jarida la kiwango cha 49.9, na dai hilo lingekuwa kweli kwa tarakimu na uongo kwa maana. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, linataka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja, na chuo kilichotia saini azimio hilo kinaweza kukumbushwa.

Kisa cha Sheldrick kinafungua jambo jingine, yaani aina ya makala. Makala ya mbinu hunukuliwa kuliko ya ugunduzi. Makala ya mwaka 1951 ya Oliver Lowry na wenzake kuhusu kupima kiasi cha protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, si kwa kuwa ilipindua biokemia, bali kwa kuwa kila aliyepima protini kwa njia ile alipaswa kusema aliitoa wapi. Makala za mapitio nazo hukusanya nukuu haraka. Kwa hiyo andika pembeni ya kila makala kama ni ya mbinu, mapitio au matokeo mapya, na nafasi yako ilikuwa ipi. Katika kemia mwenye kuongoza kazi mara nyingi huwa mwandishi wa mawasiliano, mwenye nyota kwenye jina, naye huweza kuwa wa mwisho katika orodha. Mjumbe anayetoka fani ambayo mwandishi wa kwanza ndiye kila kitu hatalijua hilo usipomwambia.

Ulinganishe nani na nani? Mwaka 2007 jarida la Chemistry World lilichapisha orodha ya wakemia walio hai iliyopangwa kwa fahirisi ya h, na George Whitesides wa Harvard akawa juu. Orodha hiyo inafurahisha kusoma, lakini haimfai mhadhiri mwenye mwanafunzi mmoja wa uzamili na mashine ya NMR, ya kuchunguza muundo wa molekuli, anayoisubiri miezi. Tafuta watu watatu au wanne wa tawi lako, waliochapisha makala ya kwanza karibu na mwaka wako, katika vyuo vyenye hali kama ya chako.

Yapo pia yasiyoonekana kabisa katika nukuu, na hayo yatafute mapema kwa sababu vielelezo vyake huchelewa. Hataza, itifaki ya kupima maji iliyopitishwa na maabara ya serikali, wanafunzi waliohitimu, kampaundi zilizopelekwa kwingine kujaribiwa dhidi ya malaria: kila kimoja kinahitaji barua au hati. Mwaka 2002 Koichi Tanaka wa kampuni ya Shimadzu huko Kyoto, mwenye shahada ya kwanza tu, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake ya kupima molekuli kubwa za uhai kwa spektrometa ya masi. Kamati ambayo ingehesabu makala zake peke yake ingemwacha mlangoni.

Jalada likishakamilika, chapa orodha nzima ya makala na nukuu kutoka kila chanzo ulichotumia, andika tarehe ya kuchapa juu ya kila ukurasa, na uiambatishe. Siku ya usaili kuna mjumbe atakayefungua simu yake na kukuta idadi nyingine, na ukurasa wenye tarehe ndio utakaomjibu.